Mbona mwanangu harefuki? Anti anajibu barua zenu

Mwezi huu barua karibu nusu zinauliza kitu kimoja, urefu wa watoto. Nahisi ni kwa sababu shule zimefunguliwa, watoto wakapangwa mstari kwa kimo, kila mzazi aliyepita pale akaona wa kwake ndo yuko mbele kabisa. Nimechagua hizi, zingine nimewajibu wenyewe kwenye WhatsApp. Mnaonijua mnajua nimekaa kliniki ya watoto hapa Mtwara miaka mingi kabla sijastaafu, kwa hiyo haya sio ya kusikia tu, na kuna sehemu ntawaambia nilipokosea mwenyewe.

*

Shikamoo anti. Niko Tandahimba, mwanangu wa kike katimiza miaka mitatu mwezi uliopita nimempima kwa futi kamba ya fundi cherehani nikapata sm 86. Mtoto wa jirani wamepishana wiki mbili tu na anampita karibu kichwa kizima. Mama mkwe anasema tumembemenda, mana nilishika mimba ya mdogo wake akiwa na miezi minane nikamwachisha ziwa siku ile ile, na eti mume wangu msimu wa korosho alikuwa na mambo yake huko nje. Kliniki naenda kila mwezi kadi yake iko kwenye kijani wananiambia mtoto anaendelea vizuri. Alianza uji wa makopa (muhogo mkavu) na miezi mitatu mana alikuwa analia sana. Sasa nani mkweli hapo, kadi au mkwe wangu?

Marahaba mwanangu. Wote wawili wana kaukweli kadogo na wote wanakupoteza, ngoja nikueleze.

Kwanza mpime upya, manake futi kamba ya fundi kwa mtoto anayejinyonganyonga inadanganya. Asubuhi mvue viatu, kama ana nywele za kusuka zimefungwa juu zifumue (nimeshaona rasta zikimuongezea mtoto sm tatu za bure), msimamishe ukutani kisigino, makalio na mabega vikigusa ukuta, aangalie mbele, weka kitabu kigumu juu ya kichwa kikae sawa kama kona ya meza, chora alama kwa penseli halafu ndo upime kutoka sakafuni. Rudia mara mbili. Ukipata ile ile 86 basi jua hivi: mtoto wa kike wa miaka mitatu kamili wastani wake ni kama sm 95, na mstari wa chini ambao mtoto akiwa chini yake tunasema amedumaa uko kwenye kama sm 87. Wako yuko chini ya mstari kidogo. Hii mistari haijachorwa kwa watoto wa Ulaya peke yao kama watu wanavyosema, Shirika la Afya Duniani liliitoa 2006 baada ya kupima watoto wa nchi sita, Ghana na Oman zimo.

Sasa kadi. Ile kijani unayoonyeshwa mara nyingi ni uzito kwa umri. Mtoto mfupi mwenye mwili wa kujaa anaweza akakaa kwenye kijani mpaka anaanza darasa la kwanza na hamna aliyegundua kitu. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo, mtoto ananing'inia kwenye mzani pale chini ya mwembe, mashavu yamejaa, foleni ndefu, namwambia mama yake "huyu ana afya huyu, lete mwingine." Ubao wa kupimia urefu ulikuwepo stoo umeegemezwa nyuma ya maboksi. Kwa hiyo mwezi ujao ukienda uwaambie wampime urefu na wauandike, ni haki yako wala usione aibu.

Tuje kwa mama mkwe. Kubemenda kwa maana ya kwamba baba akitoka nje mtoto anaharibika, hapana, mwili wa mtoto haujui baba yake kalala wapi. Ila mimi naamini wazee walikuwa wanaona kitu cha kweli wakakipa jina lao. Waliona mama akibeba mimba haraka yule aliye mkononi ananyong'onyea. Na ananyong'onyea kwa sababu gani? Kwa sababu anaachishwa ziwa ghafla, kama ulivyofanya wewe, anahamia kwenye uji mtupu, mama amechoka, nguvu zote zinaenda kwenye mimba. Ndo mana tunashauri angalau miaka miwili ipite toka kujifungua mpaka kushika mimba nyingine. Na maziwa ya mama mjamzito hayana sumu, wengi wangeendelea kunyonyesha vizuri tu huku wakimuongezea mtoto chakula, ila nani alikwambia wewe? Hamna. Usijilaumu.

Na ule uji wa makopa wa miezi mitatu ndo hasa unaonitia wasiwasi. Miezi sita ya kwanza ni ziwa peke yake, hata maji hapana. Uji wa mapema unampunguzia hamu ya ziwa na unamletea uchafu tumboni, anaharisha, akipona kidogo anaharisha tena. Kila akiharisha mwili unaacha kujenga mifupa unapambana kwanza na ugonjwa. Muhogo wenyewe unashibisha kweli lakini protini yake ni kidogo mno, mtoto anashiba harefuki. Mtoto anazaliwa na kama sm 50, mwaka wa kwanza anaongeza kama 25, wa pili kama 12, baada ya hapo mwendo unapungua, kwa hiyo ile miaka miwili ya kwanza ndo yenye faida kubwa au hasara kubwa. Wala hauko peke yako, utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, 2015/16 walikuwa 34.

Kinachoniuma sisi wa kusini ni kwamba chakula tunacho! Tunabangua korosho mpaka vidole vinaungua kwa yale mafuta ya ganda, zote zinaenda chama cha msingi cha ushirika zinangoja mnada, mtoto yuko pale pembeni anakula ming'oko, vile viazi vya porini. Sisemi usiuze. Nasema zile za kuvunjika zisage au zitwange laini (usimpe nzima mtoto wa chini ya miaka mitano, zinakaba) utie vijiko viwili kwenye uji. Mbaazi zichemshe zilainike uponde na tui la nazi. Dagaa wakavu twanga wawe unga tia kwenye kisamvu. Yai ukilipata lile la kwanza liwe lake sio la mgeni. Juni na Desemba wanapotoa matone ya vitamini A na dawa za minyoo usikose. Choo, kunawa mikono, maji ya kuchemsha, hayo unayajua.

Atafidia? Kwa miaka mitatu anaweza kurudisha kiasi, sikuahidi atamfikia wa jirani. Pima tena baada ya miezi mitatu kwenye ukuta ule ule, penseli ile ile. Umri huu mtoto anaongeza kama sm 7 au 8 kwa mwaka, kwa hiyo ukikuta hata sm moja haijafika, au anaharisha kila mara, au amepauka viganja, usibaki na mimi, mpeleke kwa daktari apimwe damu, sikoseli, mkojo na mengine. Na yule mdogo wake naye mpime, hujaniambia chochote kumhusu.

*

Anti mambo vp. Mi nipo Masasi kidato cha pili nina miaka 14 na nusu, urefu sm 150, darasani hata mademu wote wananipita, wananiita Kisoda. Sauti bado ya kitoto. Jando nimetoka kitambo babu aliniambia nikitoka ntarefuka lakini wapi. Mzee ana sm 168 maza 155. Mzee anasema na yeye alichelewa hivi hivi alirefuka akiwa kidato cha nne mpaka akaanza kuvaa suruali za kaka yake. Nimeona kwenye simu wanauza vidonge vya kurefusha kopo elfu 60, nikivipata vitanisaidia? Usiandike jina langu anti.

Poa mwanangu, jina sijaandika, na hiyo elfu 60 usimpe mtu.

Ntakwambia vipi mtu anarefuka. Kwenye ncha za mifupa mirefu kuna kipande cha gegedu laini, kama ile unayotafuna mwisho wa mfupa wa kuku, hapo ndo mfupa unaongezeka. Siku gegedu likigeuka mfupa kabisa, shughuli imeisha, hata unywe dawa gani. Hamna kidonge cha kwenye kopo kinachofungua tena, na zile sindano za kujaza misuli wanazochomana huko jimu zinaweza kuliziba mapema, ukabaki Kisoda maisha. Kuning'inia kwenye mwembe pia nimesikia, utapata malengelenge ya mikono tu.

Sasa wewe. Wasichana wanaanza kupaa kama miaka miwili kabla ya wavulana, ndo mana darasa zima la kidato cha pili lina dada zako warefu na vijana kama vifaranga. Kwa mvulana balehe inaweza kuanza kuanzia miaka 9 mpaka 14, na dalili ya kwanza wala sio sauti, ni kende kuongezeka ukubwa. Sauti na ndevu ni baadae. Kule kupaa kwenyewe kunakuja katikati ya balehe, unaweza kuongeza sm 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Kama mzee wako alichelewa na wewe unamfuata, hiyo ni tabia ya ukoo, mifupa yako ina umri mdogo kuliko cheti chako cha kuzaliwa. Daktari anaijua kwa eksirei ya kiganja cha kushoto tu, anaangalia mifupa midogo midogo ya pale imefikia wapi. Kama mifupa ni ya mtoto wa miaka 12 basi una miaka ya kurefuka bado iko benki.

Kuna hesabu pia, chukua urefu wa baba jumlisha wa mama jumlisha 13 gawa kwa mbili (kwa msichana unatoa 13). Yako inakuja 168 sawasawa na mzee wako, na unaweza kuwa juu au chini yake kwa kama sm 8 hivi. Sio hirizi, ni makadirio, na inakwambia mpira wa kikapu wa Marekani sahau.

Ila kwa vile umepita 14, kajiangalie. Kama hakuna dalili yoyote ya balehe hata hiyo ya kwanza niliyosema, mwambie mzee akupeleke hospitali ya wilaya, sio kwamba lazima una ugonjwa, ni kwamba huo ndo umri tunaosema mtu aangaliwe. Mweleze daktari pia kama kichwa kinauma mara kwa mara au macho yanaona vibaya pembeni, manake ile tezi ndogo chini ya ubongo, saizi ya njegere, ndo inatoa homoni ya kukuza na ikiwa na shida inatoa dalili hizo. Hiyo homoni inatoka zaidi ukiwa usingizi mzito, kwa hiyo simu saa nane usiku weka chini. Jando la babu yako lilikuwa zuri kwa mengine.

*

Anti habari za kazi. Nina umri wa miaka 44, Nachingwea. Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume sasa ana miezi mitano. Kichwa kikubwa, paji limetokeza, mikono na miguu mifupi sana vidole vimeachana. Hospitali walitaja jina refu sikulishika. Mimi nina futi sita na mke wangu sio mfupi. Ndugu zangu wamekaa kikao wananiambia niangalie vizuri mtoto huyu ni wa nani.

Kaka yangu pole, pole kwa kikao sio kwa mtoto.

Kwa ulivyoeleza, hilo jina refu nadhani ni akondroplasia, wao waliomuona ndo wenye uhakika. Kuna jeni (maandishi ya urithi ndani ya mwili) inaitwa FGFR3, kazi yake ni kama breki ya mifupa mirefu, ikibadilika herufi moja tu breki inakanyagwa muda wote, mapaja na mikono ya juu havirefuki, kiwiliwili kinakuwa karibu cha kawaida. Na sasa sikiliza kikao chako kilipopotea: kati ya watoto kumi wa namna hii, kama wanane wamezaliwa na wazazi wa urefu wa kawaida kabisa. Badiliko linatokea jipya, na kama linatokea basi mara nyingi ni kwenye mbegu ya baba, na linazidi kidogo umri wa baba ukisogea. Kwa hiyo ndugu zako wakitaka kumnyooshea mtu kidole waambie waanze na wewe mwenye miaka 44, halafu mcheke yaishe. Hamna aliyekosea. Na uwezekano wa mtoto mwingine kuzaliwa hivyo kwenu ni mdogo sana.

Akili yake ni ya kawaida. Atachelewa kukaa na kutembea kwa sababu kichwa ni kizito na misuli imelegea, asilazimishwe. Usimkalishe kwa kumzungushia mito mapema, mgongo unapinda, ukimbeba shikilia kichwa na mgongo, mbeleko ya kumkunja ngoja kwanza. Kila mwezi apimwe mzunguko wa kichwa. Akikoroma sana, akiwa anakata pumzi usingizini, au miguu ikawa kama imelegea zaidi ya mwanzo, usingoje siku ya kliniki, kimbia hospitali siku hiyo hiyo, manake tundu la chini ya fuvu huwa jembamba kwa hawa watoto. Masikio pia yanauguaugua. Akiwa mtu mzima atafika kama sm 131, meza za shule zitamsumbua na atahitaji kigoda cha kuwekea miguu, kitafute mapema.

Na neno mbilikimo lisiingie ndani ya nyumba yako, ana jina mlompa.

*

Assalaam alaykum. Binti yangu ana miaka 15, niko Kilwa, hajavunja ungo, kifua hakijatoka na ana sm 134. Makungwi wameshaniuliza mara mbili. Shangazi zake wanasema atakuja tu. Alivyozaliwa miguu ilikuwa imevimba kwa juu ikapungua yenyewe.

Waalaykum salaam dada yangu. Hapa sitasema ngoja. Msichana akifika 13 bila dalili ya matiti, au 15 bila kuona siku zake, anapelekwa hospitali, na huyu ana vyote viwili na ufupi juu yake. Umenisaidia sana kukumbuka ile miguu iliyovimba, manake inanifanya nifikirie kitu kinaitwa Turner, ambapo msichana anazaliwa na kromosomu (kifurushi cha jeni) moja ya X badala ya mbili, au ya pili ina kasoro. Sio nadra kama watu wanavyodhani, kama mmoja kwa wasichana 2,000 mpaka 2,500. Inaweza isiwe hiyo, sikoseli na tezi ya shingo navyo vinachelewesha, kwa hiyo usiende nyumbani kwa makungwi ukiwa na jibu langu mimi.

Omba rufaa, kipimo cha kromosomu hakiko kila hospitali, rufaa inaweza kukufikisha mpaka hospitali ya taifa Muhimbili. Ikithibitika lazima waangalie moyo na figo, usikubali waishie kwenye urefu tu. Zipo homoni za kumletea balehe, na ipo sindano ya homoni ya kukuza ambayo tangu 1985 inatengenezwa maabara, ila inachomwa kila siku kwa miaka, bei yake inatisha, na haina kazi mifupa ikishafunga, ndo mana nakuhimiza. Kuhusu unyago, waambie makungwi binti yuko kwa daktari. Basi. Hawahitaji zaidi ya hapo, na binti mwenyewe aambiwe ukweli kabla hajausikia kwa watu.

*

Anti ni kweli ukimruka mtoto aliyelala kwenye mkeka harefuki? Mdogo wangu kamruka mwanangu na akakataa kurudi kumruka kinyume. (Newala)

Hapana. Ila mwambie apite pembeni, siku moja atamkanyaga.

*

Anti mimi sikusalimii. Mwaka juzi nilikuandikia kuhusu mwanangu, Lindi mjini, alikuwa na miaka 7 na nguo za shule zinakaa miaka miwili hazimbani. Ulinijibu "baba mfupi mama mfupi ulitaka twiga?" watu wakacheka. Juzi juzi wamegundua tezi ya shingo haifanyi kazi. Anakunywa dawa kila siku miezi sita sasa. Nimeumia.

Una haki, na nimeitafuta ile barua nikaisoma tena. Uliniandikia kwamba analala sana, anasikia baridi hata Februari, choo kigumu, darasani ameshuka na mwili unanenepa. Yote yalikuwemo. Mimi nikaona neno "wafupi" nikaruka moja kwa moja kwenye utani. Naomba radhi, na naiandika hapa kwa sababu kuna wengine walisoma lile jibu wakatulia.

Kosa langu lilikuwa hili: wazazi wafupi wanazaa mtoto mfupi ndiyo, lakini mtoto mfupi wa ukoo anakua kila mwaka, yuko chini ya wenzake lakini anaenda nao sambamba. Kuanzia miaka minne mpaka balehe mtoto anatakiwa aongeze kama sm 5 au 6 kwa mwaka. Akiwa chini ya 4, hiyo sio ukoo tena, kuna kitu kimemshika, inaweza kuwa tezi, figo, utumbo, dawa za steroidi za pumu akitumia nyingi muda mrefu, virusi vya UKIMWI. Wewe uliniambia nguo za shule zinakaa miaka miwili. Hicho ndo kipimo chenyewe, hata futi kamba haikuhitajika.

Dawa mpe asubuhi tumbo tupu, nusu saa kabla ya chai ya maziwa, na vidonge vya kuongeza damu visikae pamoja nayo, vipishane kwa saa nne hivi. Asiache hata akionekana mzima, na damu irudiwe kupimwa kwa tarehe wanazokupa manake dozi inabadilika kadiri anavyokua. Chumvi tumieni ya pakiti iliyotiwa madini joto, ile ya mashambani kwetu pwani inayouzwa kwa kopo mara nyingi haijatiwa kitu, japo kwa mwanao chumvi peke yake haitoshi, dawa ndo dawa.

Umeandika mwishoni, kwa hasira lakini umeandika, kwamba suruali uliyomnunulia Januari imeshapanda juu ya kifundo cha mguu. Fundi aifumue pindo kwanza, na ijayo nunua yenye pindo refu.